Uongo Tunaoula Wenyewe
Hotuba kwa wafanyabiashara wa jumla na wa rejareja, Lubumbashi

Papa mwenyekiti wa umoja wetu, mama zangu wa sokoni, vijana wa depo, na nyinyi madereva mliojibanza pale nyuma karibu na mlango: jambo yenu nyote.

Nimeombwa niseme juu ya hatari ya habari za uongo kwa biashara na kwa jamii. Nadhani walionialika walitarajia nieleze jinsi waongo wanavyotuonea sisi wafanyabiashara. Nitaeleza, kwa sababu wanatuonea kweli. Ila kazi yangu ni hesabu, nimefungua madaftari ya watu wengi mjini hapa, na daftari halina haya. Linaonyesha nani aliumia wiki ya uvumi na nani alishiba wiki hiyohiyo. Kwa hiyo sehemu ya maneno yangu haitawapendeza wote. Mnivumilie.

Tuanze na unga, maana asiyekula bukari, ugali wetu, humu ndani sijamwona.

Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku chache. Serikali yetu ya Kongo ilikuwa imepiga marufuku bia na vinywaji baridi kutoka nje, wenzetu wa Kasumbalesa wakaandamana, Lusaka ikafunga njia, wakubwa wakakaa mezani, njia ikafunguliwa. Hiyo ni habari ya kweli. Mwaka huohuo ukame ulikausha mashamba ya Zambia hata Rais Hichilema akatangaza janga la kitaifa mwishoni mwa Februari. Hiyo nayo ni kweli. Na mahindi mengi tunayokula hapa yanavuka mpaka uleule, kilomita 90 hivi kutoka mjini. Kweli ya tatu. Sasa chukua kweli hizo tatu, mpe mtu mmoja mwenye depo iliyojaa, na umwachie simu mkononi.

Simtaji mtu, kwa kuwa odio za namna hii tumezisikia sote. Sauti inasema: "Ndugu zangu, nimetoka Kasumbalesa sasa hivi, magari hayapiti, kesho unga hautapatikana." Hana jina wala saa, na hasemi ni barabara gani. Alfajiri odio iko mitaa yetu ya Katuba na Kenya. Saa mbili asubuhi imefika Ruashi na Kampemba, na kila anayeituma anaongeza la kwake: "Shemeji yangu amethibitisha." Shemeji wa nani? Hakuna anayeuliza.

Fuateni hesabu. Tuseme mtaa una familia elfu moja zinazonunua unga kwa meka, kile kipimo cha sokoni, leo kidogo, kesho kidogo, na depo za mtaa zina unga wa siku kumi. Asubuhi hiyo kila familia inakopa, inavunja akiba ya ada ya shule, inanunua unga wa siku tano kwa mpigo. Nusu ya akiba imetoka kabla jua halijawa kali. Wanaorudi baadaye wanaona mifuko imepungua, wanataka wa siku kumi. Saa nane mchana unga umekwisha kweli, na mwenye odio anaweza kusema bila aibu, "Si niliwaambia?"

Hapo ndipo uongo wa sokoni unapotofautiana na uongo mwingine. Mtu akizusha Goma kwamba Nyiragongo italipuka kesho, mlima haumsikii. Soko linasikia. Ukilidanganya kwamba kitu kitakwisha, linakimaliza, na uongo wako unageuka ukweli mikononi mwa watu waliouamini. Utamshtaki vipi mtu ambaye alichosema kimetokea?

Sasa nani alilipa? Mnunuzi wa meka alilipa, hilo mnalijua. Lakini kuna mwingine ambaye hatumtaji, naye nimemwona katika madaftari mara nyingi: muuzaji mwaminifu. Mama mmoja anakataa kupandisha bei. Anauza kwa bei ya jana, anamaliza mzigo wake saa nne, watu wanamshukuru. Kesho yake anarudi depo na pesa zilezile, bei imepanda, anapata mifuko michache. Na kwa kuwa wiki ya uvumi hakuna depo inayotoa mali kwa deni, hawezi hata kuziba pengo. Baada ya siku nne magari yanaingia, bei inaanguka, naye amebaki na unga wa bei ghali. Amepoteza wakati wa kupanda, amepoteza wakati wa kushuka. Jirani yake aliyeficha mifuko nyuma ya pazia amenunua pikipiki. Uvumi ukipita mara tatu namna hiyo, sokoni atabaki nani?

Msidhani ni ujinga wa Kongo. Desemba 1973, katika mkoa wa Aichi nchini Japani, wasichana watatu wa sekondari walikuwa ndani ya treni. Mmoja alikuwa amepata kazi katika benki ndogo ya akiba iitwayo Toyokawa Shinkin. Wenzake wakamtania kwamba benki ni mahali pa hatari. Walikuwa wanafikiria majambazi. Msichana akaenda kumuuliza jamaa yake kama benki ni hatari kweli. Jamaa akaelewa hatari nyingine, akaulizia kwa mtu mwingine hali ya benki ile, na aliyeulizwa akamuuliza wa tatu. Kila aliyepokea swali alilipokea kama taarifa. Ndani ya wiki moja watu walikuwa wamepanga mistari nje ya benki kudai akiba zao, na zaidi ya yeni bilioni moja zikatoka. Benki Kuu ikabidi itangaze kwamba benki ni nzima, na noti zikapangwa mahali ambapo wateja waliziona kwa macho yao. Polisi wakafuata uvumi nyuma, mdomo kwa mdomo, mpaka wakafika kwenye behewa lile, na mhalifu hawakumkuta.

Ongezeni jambo moja: mafuta yalikuwa yamepanda bei dunia nzima vuli ile, na mwezi mmoja kabla, watu karibu na Osaka walikuwa wamegombania karatasi za chooni kwa sababu ya uvumi kwamba zitaadimika. Hofu ilikuwa imekwisha kuingia nyumbani. Mzaha wa treni ulifungua tu mlango ambao haukuwa na komeo.

Na sisi, hofu yetu ya pesa tumeirithi wapi? Wazee waliopo hapa wanakumbuka mwisho wa mwaka 1979, serikali ya Mobutu ilipotangaza ghafla kwamba noti za zaire 5 na 10 si pesa tena, na watu wakapewa siku chache za kuzibadilisha. Wengi walibaki na karatasi. Wanakumbuka michezo ya pesa ya Kinshasa, Bindo Promotion na wenzake, iliyoahidi faida kubwa ndani ya wiki chache na kuanguka mwaka 1991 pamoja na akiba za watu. Wanakumbuka noti ya zaire milioni 5: Mobutu akasema ni pesa, waziri mkuu Étienne Tshisekedi akasema si pesa, wafanyabiashara wakaikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakaingia mitaani Kinshasa kupora, Januari 1993.

Nasema haya kwa sababu nawasikia wasomi wetu wakimcheka mama anayefunga dola zake ndani ya kitambaa na kuamini odio kuliko benki. Msimcheke. Amejifunza kwa gharama kwamba radio trottoir, ile redio ya barabarani, mara kadhaa ilisema kweli siku ambayo redio ya serikali ilinyamaza. Mtu aliyedanganywa na mwenye muhuri hawezi kuambiwa, "Amini kila kitu chenye muhuri." Uongo unakaa vizuri zaidi pale ambapo mkweli alichelewa, au alikuja na ukweli nusu.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Fupi kweli, na ndiyo maana anafika wa kwanza. Watafiti wa chuo kikuu cha MIT huko Marekani walifuatilia habari zilizosambaa Twitter tangu 2006 hadi 2017, na mwaka 2018 wakatoa matokeo: habari ya kweli ilihitaji muda mara sita zaidi kuliko ya uongo ili iwafikie watu 1,500. Walipoondoa akaunti zinazoendeshwa na mashine, tofauti ilibaki ileile. Watu wenyewe ndio waliokuwa wakikimbiza uongo, kwa kuwa ulikuwa mpya na wa kushangaza. Ukweli wa kila siku, kwamba magari yamepita na unga upo, haumsisimui mtu.

Mpaka hapa nimesema juu ya uvumi unaokua wenyewe au unaosukumwa kidogo. Upo na uongo unaotengenezwa kwa vipimo, kama fundi anavyokata suruali.

Novemba 2016 mashirika ya habari yalipokea komunike ya Vinci, kampuni kubwa ya ujenzi ya Ufaransa. Ilisema kampuni imegundua makosa mazito katika hesabu zake na mkuu wa fedha amefukuzwa. Ilikuwa na nembo, anwani ya tovuti iliyofanana na ya kweli, na hata nambari ya simu ya kuulizia, ambayo nayo ilikuwa ya matapeli. Shirika la habari la Bloomberg likatangaza dakika hiyohiyo bila kuhakikisha. Hisa za Vinci zikaporomoka kwa asilimia 18 ndani ya dakika chache, mabilioni ya euro yakayeyuka, kisha zikapanda tena ukweli ulipojulikana. Aliyeuza kwa hofu katikati ya dakika zile hakurudishiwa kitu. Miaka mitatu baadaye mamlaka ya masoko ya Ufaransa iliipiga Bloomberg faini ya euro milioni 5, ambayo baadaye mahakama iliipunguza. Mwone hapo: hakulipa mwongo aliyejificha, alilipa aliyepitisha uongo bila kuukagua. Ningependa kila msimamizi wa grupu la WhatsApp mjini hapa ajue kisa hicho.

Novemba 2022 mtu alilipa dola 8 kupata alama ya bluu ya Twitter, akajiita kampuni ya dawa ya Eli Lilly, akaandika kwamba insulini sasa ni bure. Kampuni ikabidi iombe radhi kwa wote waliofikiwa na ujumbe ule wa uongo, na kuomba radhi kwa jambo kama hilo mbele ya wagonjwa wa kisukari si kitu kizuri.

Kilichonitisha zaidi ni cha Hong Kong, mwanzoni mwa 2024. Mfanyakazi wa fedha wa kampuni ya uhandisi ya Arup alialikwa kwenye mkutano wa video. Alimwona mkuu wake wa fedha, akawaona na wenzake, wakizungumza. Kumbe wote waliokuwa kwenye kioo walitengenezwa na kompyuta. Alituma pesa mara 15, jumla dola milioni 25 hivi. Sasa nyinyi ambao mnatuma M-Pesa na Airtel Money kwa sababu mmesikia sauti ya bosi kwenye odio ya sekunde ishirini, mnajilinda na nini? Ushauri wangu kwa hilo ni mfupi: kata, kisha piga wewe, kwa nambari uliyokuwa nayo tangu zamani. Bosi akikasirika kwamba umemhakikisha, huyo bosi hajui kazi.

Nimesema pesa kwa muda mrefu kwa sababu ndiyo lugha ya chumba hiki. Lakini kuna uongo unaohesabiwa kwa makaburi.

Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na haikutangazwa kwisha mpaka Juni 2020. Wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Chanjo ilikuwepo, tofauti na milipuko mingi ya kabla yake. Lakini mwezi wa pili tu wa mlipuko, watafiti walipowauliza watu wa Beni na Butembo, robo hivi walisema Ebola haipo. Wengine walisema ni biashara ya wakubwa. Kisha, siku chache kabla ya uchaguzi wa Desemba, tume ya uchaguzi ikasema Beni na Butembo hawatapiga kura mpaka Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama, ingawa rais mpya angeapishwa Januari. Kesho yake waandamanaji walivamia kituo cha wagonjwa Beni. Aliyekuwa akizusha kwamba ugonjwa ni siasa hakuhitaji tena kuzusha. Alikuwa amepewa ushahidi kwa karatasi ya serikali. Mwezi wa nne wa 2019, daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi akiwa katika hospitali ya Butembo. Alikuwa kazini.

Na hapa kwetu Katanga tusijifanye wageni wa mambo haya. Mwaka 1992 na 1993 majirani waliotoka Kasai waliitwa bilulu, wadudu. Waliambiwa kwamba wao ndio waliomaliza kazi, wao ndio waliokula Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi. Gécamines ilikuwa ikifa kwa mengine: mgodi wa Kamoto ulikuwa umeporomoka mwaka 1990, na pesa za shaba zilikuwa zimechotwa kwa miaka na watu ambao hawakuishi kwenye kambi za wafanyakazi. Lakini kumwonyesha jirani ni rahisi kuliko kusoma mizania ya kampuni. Mamia ya maelfu walifukuzwa, wengi wakakaa kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengine wakafa wakingoja. Walioondoka walikuwa pia mafundi, walimu, wauguzi, wenye maduka. Wapo humu ndani walionunua nyumba zile kwa bei ya bure. Sitasema zaidi, kwa kuwa familia za pande zote bado ni hai na zinasikia.

Wengine wataniambia: sheria ipo. Ipo, ndiyo. Tangu Machi 2023 tuna sheria ya mambo ya dijitali inayoadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo. Lakini sheria hizi nazitazama kwa jicho moja wazi. Septemba 2023 mwandishi Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa kwa tuhuma za kueneza habari za uongo, akakaa gerezani Makala miezi sita, huku watetezi wa waandishi wakipinga ushahidi uliotolewa. Kila mwandishi anapofungwa kwa tuhuma kama hiyo, redio ya barabarani inapata wasikilizaji wapya. Mfanyabiashara anayeshangilia sheria ya kumnyamazisha mwandishi ajiulize atamkimbilia nani siku komunike ya uongo itakapoandikwa kwa jina la depo yake. Wapo Congo Check, wanaokagua habari tangu 2018; ipo Radio Okapi, inayosema Kiswahili chetu. Wanahitaji watu wa kuwapokelea simu na kuwajibu kwa jina. Sisi hatupokei. Tunasema, "Patron hayupo."

Kwa hiyo nimeleta pendekezo, na nimeliandika kwenye karatasi.

Kila depo iliyo katika umoja huu iweke ubao mlangoni, na kila asubuhi iandike bei ya mfuko na mifuko iliyopo ndani. Najua mtasema mifuko ni siri ya biashara. Siri hiyohiyo ndiyo inayompa mwenye odio nguvu, kwa kuwa hakuna anayeweza kumwonyesha kwamba unga upo. Siku mzigo ni mchache, andikeni kwamba ni mchache, na gari linatarajiwa lini. Mteja aliyewahi kusoma habari mbaya ya kweli mlangoni pako ataamini habari nzuri utakapoiandika.

Madereva wawili walipwe kredi ya simu na umoja, mmoja upande wetu wa Kasumbalesa, mmoja upande wa Zambia. Wapige kila siku, na wanachosema kiende kwa wanachama wote saa ileile. Kisipitie kwanza kwa mtu mmoja anayekimbia kununua kabla ya wenzake. Hapa naona watu wawili watatu wameinamisha macho. Si kitu, endeleeni kuinama, mradi mnasikia.

La tatu ndilo gumu. Kukitokea uvumi wa uhaba, mzigo uliokuwa tayari ndani ya depo uuzwe kwa bei ya jana kwa siku tatu. Siku tatu tu. Zinatosha kwa gari kutoka Kasumbalesa kufika, au kwa ukweli kuthibitika kwamba halitafika. Na kila mteja anunue kiasi cha kawaida yake, wala asijaze chumba. Mwenye depo ataniambia nimemnyang'anya faida. Nimepiga hesabu hiyo pia: faida ya siku tatu za uvumi inaliwa na wateja wanaohama, na mali uliyoibeba kwa bei ghali inapoanguka mikononi mwako. Atakayetaka kuziona hesabu zenyewe anitafute, nitamfungulia daftari, majina nimeyaficha.

Karatasi iko kwa katibu, pale mezani karibu na dirisha. Hakuna anayelazimishwa. Asiyetaka kutia sahihi asitie, ila aje hapa mbele wakati wa maswali na atueleze sababu yake kwa mdomo wake mwenyewe. Nami sina haraka leo.